Barua ya Wazi kwa Baraza la Madaktari Tanganyika: Nani Anastahili Kutia Saini Ripoti ya Eko ya Moyo?

Kwa Mwenyekiti, Msajili na Wajumbe wa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Nakala: Wizara ya Afya, Dodoma, na vyuo vikuu vinavyofundisha ubingwa wa magonjwa ya ndani, ya watoto na wa radiolojia.

YAH: VIGEZO VYA KUMTHIBITISHA DAKTARI KATIKA UPIMAJI WA MOYO KWA ULTRASAUNDI

Waheshimiwa,

Ninaandika nikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani niliyefanya kazi katika hospitali za rufaa za mikoa kwa zaidi ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia nikiwa kando ya kitanda, probu (kile kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa kifuani) mkononi, nikitazama moyo wa mtu ukidunda kwenye skrini. Ombi langu ni moja, nalo nalitaja mapema ili lisipotee katikati ya maelezo. Naomba Baraza litamke kwa maandishi ni daktari yupi anayestahili kuthibitishwa kuwa mpimaji na msomaji wa eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa ultrasaundi, na kigezo kiwe ni vipimo alivyovifanya na kuvisoma chini ya usimamizi, vilivyohifadhiwa na vinavyoweza kukaguliwa. Cheti cha kuhudhuria semina kisitoshe, na miaka ya kukaa kazini isitoshe.

Nianze na jambo ambalo kila anayefanya kazi hii analijua, ingawa nadhani halijapewa uzito wake tunapozungumzia usajili. Picha ya eksirei ya kifua ikishapigwa inabaki ilivyo. Daktari wa kwanza akiikosea, wa pili anaweza kuitazama kesho na kusahihisha. Eko hutengenezwa na mkono wa anayepima, na kile ambacho mkono huo haukukitafuta hakitaonekana na msomaji yeyote baadaye, hata awe profesa. Chukueni mfano wa kusinyaa kwa vali ya aota, yaani mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini. Mashine hupima kasi ya damu inayopita kwenye vali, kisha hukadiria tofauti ya shinikizo kwa kuzidisha mraba wa kasi hiyo kwa nne. Kasi ya mita 4 kwa sekunde hutoa milimita 64 za zebaki, na hapo ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Mpimaji akielekeza mwale wa Doppler, ule unaopima kasi ya damu, upande kwa nyuzi 30 tu kutoka kwenye njia ya damu, mashine itasoma kasi ya takriban mita 3.5, shinikizo litashuka hadi 48, na mgonjwa yuleyule ataandikiwa kwamba ugonjwa wake ni wa wastani. Mashine haitatoa onyo lolote. Ripoti itatoka ikiwa imechapwa vizuri na kupigwa mhuri, na daktari wa upasuaji atakayeisoma hatakuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Nimewahi kuandika ripoti ya namna hiyo. Mwaka wangu wa kwanza baada ya kuhitimu ubingwa nilipangiwa hospitali iliyokuwa na mashine mpya ya eko na haikuwa na mtu wa kunisimamia. Katika masomo ya ubingwa nilikuwa nimeshika probu mara chache, tukiwa wanafunzi watano kwenye mashine moja. Baadaye nikahudhuria kozi ya siku tano na kupewa cheti. Aliletwa mama wa miaka 24, wiki tano baada ya kujifungua, akihema, miguu imevimba. Niliona chumba cha kushoto cha moyo kimetanuka, nikaona damu ikivuja kurudi nyuma kupitia vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na kwa kuwa alikuwa ametoka kujifungua nikaandika kwamba moyo wake umedhoofika kutokana na uzazi, na kwamba vali inavuja kwa sababu moyo umetanuka. Vali yenyewe sikuitazama inavyopasa. Miaka miwili baadaye alipimwa na daktari mzoefu kwingineko, akakuta ndimi za vali zimekuwa nene na zimekakamaa kwa namna inayojulikana: ulikuwa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Sindano ya penisilini ya kila wiki nne, ambayo alipaswa kuanza kuchomwa tangu siku nilipompima, hakuwa amechomwa hata moja. Alirudishwa kwangu na barua fupi, ya adabu sana, ambayo nimeitunza hadi leo. Kabla ya siku ile na baada yake, hakuna aliyewahi kuniuliza nimesoma eko ngapi maishani mwangu na nani alizikagua.

Kosa langu lilikuwa la kutouona ugonjwa uliokuwapo. Lipo pia la kuuona usiokuwapo, na jirani zetu wa Uganda wametupa kipimo cha jambo hilo. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi hiyo na kuchapishwa mwaka 2021, watoto 102,200 walipimwa kwa eko ili kutafuta ugonjwa huu ungali umejificha. Upimaji wa awali uliwaonyesha 3,327 kuwa na dalili zake kwenye picha. Baada ya eko ya pili ya uthibitisho, waliokutwa na ugonjwa uliojificha na kukidhi masharti ya kuingia kwenye utafiti walikuwa 926. Kisha likaja jambo lililotutia moyo sote tunaohudumia wagonjwa hawa: miongoni mwa waliochomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu ya watoto, na miongoni mwa wasiochomwa, kwa asilimia 8.2 ya watoto. Dawa ya bei nafuu inafanya kazi, mradi aliyesoma eko awe amesoma sawasawa. Mtoto anayesomwa vibaya ama ananyimwa kinga hiyo, ama anachomwa sindano yenye maumivu kwa miaka huku akiishi na jina la mgonjwa wa moyo, shuleni hachezi, na wazazi wake hawalali.

Wenzetu waliotangulia wamelishughulikia suala hili, nasi tuna la kujifunza kwao. Marekani wana Bodi ya Taifa ya Ekokadiografia, ambayo humtofautisha daktari aliyefaulu mtihani peke yake na yule aliyefaulu na pia kuthibitisha mafunzo yake. Ni huyu wa pili tu anayehesabiwa kuwa amethibitishwa. Tofauti hiyo naipenda, kwa sababu mtu mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kufaulu maswali ya kuchagua bila kuwahi kushika probu. Mwongozo wa mafunzo ya madaktari wa moyo wa huko umeweka ngazi tatu: ya kwanza ni kupima wagonjwa 75 na kusoma eko 150; ya pili, ambayo ndiyo humruhusu mtu kusoma peke yake, ni kupima 150 na kusoma 300; na ya tatu, ya kuongoza maabara, ni kupima 300 na kusoma 750. Uingereza, chama chao cha ekokadiografia hudai daftari la wagonjwa 250 lenye mchanganyiko maalumu wa magonjwa, pamoja na mtihani wa maandishi na wa vitendo.

Hapa naomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu hofu yangu kubwa kuliko zote ni kwamba tutanakili namba hizi bila kuangalia zilitoka wapi. Kwa nini Mmarekani apime 150 lakini asome 300? Kwa sababu huko picha nyingi huchukuliwa na fundi aliyesomea kazi hiyo tu, naye daktari huletewa picha zilizokamilika ofisini mwake azisome. Uingereza nako wapimaji wengi si madaktari. Katika hospitali nilizofanyia kazi mimi, daktari ndiye anayemwita mgonjwa, anayempaka jeli, anayepima, anayesoma na anayeandika. Mkono na jicho ni vya mtu mmoja, na mkono ukikosea hakuna fundi wa kuuokoa. Kwa hiyo kigezo kinachodai upimaji kwa nusu ya usomaji kimejengwa juu ya mtu ambaye sisi hatunaye. Kwetu idadi ya kupima inapaswa kulingana na idadi ya kusoma, na pendekezo langu ni eko kamili 300 zilizopimwa na kusomwa na mwombaji mwenyewe, angalau 150 kati ya hizo msimamizi akiwa chumba kimoja naye.

Nimesikia wakisema kwamba idadi hiyo haifikiki mikoani. Hospitali inayopima wagonjwa sita kwa siku, siku tatu kwa wiki, huifikisha ndani ya wiki 17. Kinachokosekana mikoani ni msimamizi.

Mchanganyiko wa magonjwa nao utoke kwenye wodi zetu. Daftari la Ulaya limejaa wazee wenye vali za aota zilizoganda chokaa na watu waliozibwa mishipa ya moyo, na hao tunao na wanaongezeka. Lakini daktari wa Kigoma au Mtwara ambaye hajawahi kusimamiwa akisoma vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, maji kwenye mfuko wa moyo yanayoletwa na kifua kikuu, moyo uliodhoofika baada ya uzazi, na moyo ulionenepa kwa miaka ya shinikizo la damu lisilotibiwa, hajaandaliwa kwa kazi inayomngojea. Ningependa Baraza lipange kiwango cha chini kwa kila mojawapo ya hayo. Watoto wenye kasoro za kuzaliwa nazo ni elimu nyingine kabisa na wawekewe uthibitisho wao. Mtu mzima na mtoto mchanga wasitiwe kwenye cheti kimoja.

Sasa nije kwenye kuhifadhi picha, ambako nadhani ndiko kigezo chochote kitakakosimama au kuanguka. Daftari la karatasi lenye majina, tarehe na saini ya msimamizi ni rahisi kulijaza jioni moja, na wote tuliopitia utarajali tunafahamu jinsi madaftari yanavyojazwa wiki ya mwisho. Nimefanya kazi mahali ambapo mashine ilifuta picha zake zenyewe kila diski ilipojaa, ikabaki ripoti ya karatasi ambayo hakuna awezaye kuihakiki. Sharti liwe kwamba eko isiyokuwa na video zake zilizohifadhiwa haihesabiwi, na kwamba Baraza ndilo litakalochagua, kwa kubahatisha, eko ishirini au thelathini kutoka kwenye orodha ya mwombaji na kuzikagua. Asiachiwe mwombaji kuchagua nzuri zake. Sharti hili moja lina manufaa mawili mengine: litazilazimu hospitali kununua diski za kuhifadhia, ambazo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mashine, na litawezesha usimamizi wa mbali. Zile eko 150 za mwombaji wa Sumbawanga ambazo msimamizi hakuwapo chumbani zinaweza kutumwa kila wiki kwa msimamizi aliye katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au katika hospitali za Bugando, KCMC au Benjamin Mkapa, naye akarudisha masahihisho kabla ya wiki kwisha. Hata mtandao ukisumbua, diski hupanda basi.

Najua swali la nani aruhusiwe kuomba litazua mvutano kati ya fani. Wapo madaktari wa moyo wanaoona eko ni yao peke yao, na wapo wanaradiolojia wanaokumbusha kwamba ultrasaundi ni kazi yao tangu hapo. Mimi naona mlango uwe wazi kwa daktari yeyote mwenye usajili kamili na ubingwa unaotambuliwa na Baraza katika magonjwa ya ndani, watoto, radiolojia, dharura au usingizi, kisha wote wapite kwenye tundu moja la sindano: idadi ileile, mchanganyiko uleule, ukaguzi uleule. Mwenye ubingwa bobezi wa moyo ambaye mafunzo yake tayari yana vipimo hivyo atapita bila shida, na hilo ni haki yake. Ila awasilishe daftari kama wengine, kwa sababu shahada inaeleza mtu alisoma wapi, na daftari linaeleza alifanya nini.

Kuna watu ambao kigezo hiki hakipaswi kuwagusa, na naomba maandishi ya Baraza yaseme hivyo bila utata. Daktari wa dharura anayeweka probu kifuani saa nane za usiku kuangalia kama kuna maji yanayoubana moyo wa majeruhi hafanyi eko kamili. Anajibu swali moja ili aokoe mtu, na kanuni yoyote itakayomfanya asite itaua. Vivyo hivyo, huko Fiji na Uganda wauguzi wamefundishwa kutumia eko fupi kuwachuja watoto wanaohitaji kupelekwa mbele, na ningetamani kuwaona wa kwetu wakifanya hivyo katika shule za msingi. Ninachozungumzia mimi ni saini iliyo chini ya ripoti kamili, ile inayompeleka mtu kwenye upasuaji au kumnyima.

Suala linaloniumiza zaidi ni la wenzangu ambao tayari wapo kazini. Wapo madaktari waliosoma eko kwa miaka kumi na tano katika mikoa isiyokuwa na bingwa bobezi, waliojifunza kwa kujinunulia vitabu, kwa kuwapigia simu walimu wao usiku, na kwa kufuatilia wagonjwa wao hadi chumba cha upasuaji ili wajue kama walisoma vyema. Kuwaambia leo kwamba hawastahili kwa kuwa hawakupitia programu ambayo haikuwapo wakati wao ni kuwadhulumu wao na wagonjwa wao. Lakini kuwapa cheti kwa heshima ya mvi pia haifai, kwa sababu miongoni mwao wapo waliorudia kosa moja kwa miaka kumi na tano, na hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama usoni. Njia ya katikati ipo. Marekani walipoanzisha mtihani wa eko kwa madaktari wa wagonjwa mahututi mwaka 2019, walifungua pia njia ya uzoefu wa kazi kwa wale waliokuwa wakiifanya tayari, pembeni ya njia ya mafunzo rasmi. Sisi tufungue njia hiyo kwa miaka mitatu kisha tuifunge kabisa. Anayeipitia alete eko zilizohifadhiwa za miezi kumi na miwili iliyopita, Baraza lichague za kukagua, afanye mtihani uleule wa wengine, na akionekana kupungukiwa apewe miezi ya kusimamiwa badala ya barua ya kumkataa.

Mtihani wenyewe uwe wa video zinazocheza, uambatane na kumpima mgonjwa mbele ya watahini wawili, na ufanyike Mwanza, Mbeya na Dodoma kama unavyoweza kufanyika Dar es Salaam. Ada ilipwe kwa shilingi na iwe ya kufidia gharama tu. Daktari akifunga kliniki ya wiki nzima, akapanda basi siku mbili na kulala hotelini ili afanye mtihani wa saa nne, gharama hiyo hulipwa pia na wagonjwa waliorudishwa nyumbani.

Uthibitisho uwe na muda wa mwisho. Miaka mitano inatosha, na wa kuuhuisha awe ni yule anayeendelea kupima. Wengi wetu hupandishwa vyeo tukawa waganga wakuu au wakurugenzi, mkono ukakaa miaka saba bila probu, kisha tukaombwa kusaidia siku bingwa anapokuwa likizo. Kuomba kusimamiwa tena kwa wiki chache baada ya kukaa nje muda mrefu kusionekane kuwa aibu.

Naomba pia muda upangwe kwa uangalifu kuhusu malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itafanya swali la nani alipwe kwa kipimo gani kuwa zito kuliko lilivyokuwa, na uthibitisho wa namna hii utavuta macho ya bima mara moja. Bima ikikataa kulipia eko isiyosainiwa na aliyethibitishwa tangu siku ya kwanza, matokeo yake yatakuwa mikoa mizima kubaki bila kipimo na wagonjwa kusafirishwa kwenda miji mikubwa kutafuta jibu la dakika arobaini. Malipo yasifungamanishwe na uthibitisho hadi ile njia ya miaka mitatu ifungwe na kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na angalau mtu mmoja aliyepita.

Jambo la mwisho ni mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana sifa za kitaaluma, na madaktari wa upasuaji wa ukanda huu, kupitia chuo chao cha Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini kilichoundwa mwaka 1999, wamekwisha kuonyesha kwamba mtu anaweza kufundishwa katika hospitali aliyopo na kutahiniwa kwa kipimo kimoja na wenzake wa nchi nyingine. Baraza letu likiandika vigezo vya eko, livipeleke kwa wenzao wa Nairobi, Kampala na Zanzibar vikiwa bado rasimu, ili msimamizi wa Eldoret aweze kumkagua mwombaji wa Musoma bila kuulizwa kibali chake kimetoka wapi.

Sina cheo cha kuwaagiza lolote, Waheshimiwa. Ninazo eko 1,140 nilizozipima na kuzihifadhi pamoja na video zake tangu niliponunua diski yangu ya kwanza kwa fedha zangu, na orodha yake haina jina la mgonjwa hata mmoja. Naziweka mbele ya Baraza. Kama mnahitaji daftari la kufanyia majaribio ya ukaguzi kabla ya kuandika kanuni, anzeni na langu, mchague zozote mnazotaka, na mkikuta sijafikia kiwango nitaomba likizo niende kukaa chini ya msimamizi mtakayenipangia.

Wenu katika kazi,

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani,
Kanda ya Ziwa.